Polisi wa Farasi na Polisi wa Mtaa: Nani Anamlinda Nani?

*Mazungumzo ya redio juu ya amani, kwa wasikilizaji wa Kasongo na Kabambare. Yameandikwa kama yalivyosemwa, ili yasomwe tena katika barza, shuleni, na katika nyumba zinazowapokea ndugu waliohama vita.*

 

Leo nataka tuzungumze juu ya farasi. Najua wengine wanacheka. Watasema: huyu mtu amesoma sheria chuo kikuu, sisi tuko na shida ya chakula, ya mashamba tuliyoyaacha, ya watoto wasiosoma, naye anatuletea habari ya farasi! Nivumilieni kidogo. Farasi huyu atatufikisha kwenye bariera, kwenye kasho, na kwenye mlango wa nyumba yako usiku.

Habari ilianza hivi. Mtoto mmoja wa familia iliyokimbia aliona picha katika kalenda ya zamani iliyobandikwa ukutani: polisi wawili wamekaa juu ya farasi, na watu wamesimama pembeni wanatazama. Mtoto akaniuliza: “Kwa nini hawa watu hawakimbii?” Hakuuliza juu ya farasi, ambaye hajamwona hata siku moja. Aliuliza kwa nini watu wako karibu na polisi na hawakimbii. Ndugu zangu, swali hilo lilinikosesha usingizi. Leo najaribu kulijibu.

Kwa nini kwetu hakuna farasi

Kwanza tujue kwamba farasi hawezi kukaa sana kwetu. Sababu yake ni mdudu. Inzi anayeitwa mbung’o, yule yule anayeleta malale kwa watu, anamwambukiza farasi ugonjwa wa damu, na farasi anakonda mpaka anakufa. Ndiyo maana katika safari za zamani kutoka pwani mpaka Kasongo na Nyangwe mizigo ilibebwa na vichwa na mabega ya watu. Stanley alipotoka pwani mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa kabla safari haijafika mbali.

Hata pale mbung’o hayupo, farasi ni mgeni wa gharama. Kwa siku moja anakunywa maji lita 30 mpaka 50, na anakula karibu kilo 10 za majani makavu. Anataka mganga wake, fundi wa kwato zake, na nyumba yake. Kwa hiyo polisi wetu wanatembea kwa miguu, kwa kinga, kwa pikipiki, na kwa mtumbwi kwenye mto Lualaba. Siyo haya. Lakini kazi ya polisi wa farasi tunaweza kuichunguza na kuchukua mafundisho yake, bila kununua farasi hata mmoja.

Kazi mbili za farasi

Katika nchi zinazomtumia, farasi wa polisi ana kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kulinda watu mahali penye umati: sokoni, uwanja wa mpira, njia za mji. Ya pili ni sherehe: siku za taifa, mapokezi ya wakuu, maandamano ya heshima.

Jirani zetu wanazo kazi hizo. Huko Tanzania jeshi la polisi lina kikosi cha farasi na mbwa Dar es Salaam. Huko Kenya kikosi cha kupambana na wezi wa mifugo, chenye makao yake Gilgil, kimetumia farasi na ngamia kufika pale gari haliwezi kupita. Mbali zaidi, huko Kanada, polisi wa taifa walianza mwaka 1873 wakiwa polisi wa farasi kabisa. Tangu mwaka 1966 askari wapya hawafundishwi tena wote kupanda farasi. Gari na ndege vimechukua kazi ya kila siku, na farasi wamebaki kwa sherehe.

Sasa sikilizeni visa viwili vya Uingereza, kwa sababu ndani yake mna jibu la yule mtoto.

Kisa cha kwanza. Tarehe 16 Agosti 1819, katika mji wa Manchester, watu maelfu mengi walikusanyika uwanjani kudai haki ya kuchagua wajumbe wao. Walikuja na wake na watoto, bila silaha. Wakuu wa mji waliogopa, wakatuma askari wa farasi wenye panga. Farasi waliingia katikati ya umati. Watu wasiopungua 15 walikufa, na mamia waliumia. Mpaka leo Waingereza wanakumbuka siku hiyo kwa huzuni. Miaka 10 baadaye, mwaka 1829, London iliunda polisi wa kiraia, mbali na jeshi, kwa wazo kwamba polisi ni raia anayewalinda raia wenzake.

Kisa cha pili. Tarehe 28 Aprili 1923, London, kulikuwa na mechi ya mwisho ya kombe katika uwanja mpya wa Wembley. Uwanja ulijengwa kwa watu karibu 127,000. Inasemekana walikuja zaidi ya 200,000. Walijaa mpaka katikati ya uwanja, na mechi haikuweza kuanza. Polisi mmoja, jina lake George Scorey, aliingia na farasi wake mweupe aitwaye Billy. Hakuchomoa panga. Alikwenda pole pole, akiwaambia watu washikane mikono na kurudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka kwenye mstari. Farasi alisukuma kwa kichwa chake, kwa upole. Kulikuwa na polisi wengine na farasi wengine, lakini huyo mweupe ndiye aliyeonekana na wote. Wengi waliumia kidogo katika msongamano, lakini hakuna aliyekufa. Mechi ikachezwa.

Mmesikia? Farasi ni farasi. Mwaka 1819 alileta kifo, mwaka 1923 alileta utulivu. Tofauti ni yule aliyekaa juu yake: ametumwa na nani, amefundishwa nini, na anawaona watu walio mbele yake kama adui au kama jirani. Badala ya farasi weka bunduki, weka pikipiki, weka uniforme. Jambo ni lile lile.

Sisi wenyewe tumetoka wapi

Watu wa Kasongo hawahitaji kwenda Manchester kujua maana ya umati kupigwa. Nyangwe iko kwetu. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wenye bunduki waliwapiga risasi wanawake na wanaume waliokuja kuuza samaki, chumvi na vyakula. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine walizama Lualaba wakijaribu kukimbia. Livingstone alikuwepo na aliandika aliyoyaona. Sisemi haya ili tutafutane nani mjukuu wa nani. Nasema ili tujue kwamba hofu ya mtu mwenye bunduki sokoni ni hofu ya zamani katika nchi hii, na haitaondoka kwa siku moja.

Baadaye ikaja Force Publique. Ile ilikuwa jeshi na polisi pamoja: ilipigana vita, ilikamata watu, ilisimamia kodi na kazi za nguvu. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 tulikuwa na polisi, lakini mwaka 1972 wakaingizwa katika jandarmeri, yaani jeshini tena. Mwaka 1984 ikaja Garde Civile. Mwaka 1997 ndipo ilipoundwa Polisi ya Taifa ya Kongo, hii tunayoijua. Kwa hiyo mzee wa miaka 80 katika kijiji chake ameona nguo nyingi zikibadilika, lakini mara nyingi mkono ulioko ndani ya nguo ulibaki wenye kuomba na kupiga. Ndiyo sababu watoto wanakimbia.

Lakini sheria imebadilika, na mimi niko hapa kuwaambia. Katiba ya mwaka 2006, katika sehemu ya 182, inasema kazi ya polisi ni usalama wa watu na wa mali zao. Sehemu ya 183 inasema polisi haina siasa, iko kwa huduma ya taifa, na hakuna anayeruhusiwa kuigeuza kwa faida yake mwenyewe. Na sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 juu ya polisi inasema kwamba polisi ni huduma ya watu wote, ya kiraia, inayofikika, inayowasikiliza wananchi.

Bendera asubuhi, bariera mchana

Nirudi kwenye sherehe. Wengine wanasema sherehe ni upotevu wa wakati. Mimi sikubali. Kila asubuhi mbele ya ofisi bendera inapopanda, mwenye kinga anashuka, mama mwenye mzigo kichwani anasimama, mtoto wa shule anatulia. Polisi anapiga saluti. Kwa dakika chache sisi sote, mwenyeji na mgeni, mwenye cheo na asiye na kitu, tunasimama sawa chini ya kitambaa kimoja. Polisi wa Kanada juu ya farasi wake katika sherehe anafanya kazi ile ile: anaonyesha kwamba serikali ipo, ina utaratibu, na inaheshimu watu wake.

Lakini sherehe ni ahadi, na ahadi inadaiwa. Nilipokuwa mwanafunzi nilishuhudia jambo moja. Sitataja mahali wala mtu. Asubuhi nilimwona askari mmoja amesimama wima mbele ya bendera, viatu vinang’aa. Nikasema moyoni, huyu ni mtu wa heshima. Mchana nikamkuta kwenye bariera. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja anasukuma kinga yake, na bidoni tatu za mafuta ya ngazi. Askari akamwomba pesa. Mzee hakuwa nayo. Askari akachukua bidoni moja, bila karatasi, bila sababu. Mzee hakusema neno. Alifunga tena kamba ya bidoni mbili zilizobaki, akaenda zake.

Mimi, niliyekuwa nasoma sheria, nilinyamaza pia. Nimekuwa nikiona haya kwa kunyamaza huko mpaka leo. Siku ile bidoni ilipotea, na pamoja nayo ikapotea saluti ya asubuhi. Yule mzee akisikia kesho kwamba kuna watu wenye silaha msituni, atamwendea askari yule kumweleza? Hatakwenda. Na asipokwenda, kijiji kinashambuliwa usiku bila polisi kujua. Bidoni moja inaweza kugharimu kijiji kizima.

Polisi wa jirani

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Polisi aliye Kindu hawezi kujua nani ameingia usiku katika kijiji chako. Ndiyo maana ya polisi wa jirani: polisi anayejulikana kwa jina, anayepita kwa miguu, anayesalimia, na anayeuliza kabla ya kukamata.

Huko Tanzania wazo hilo linaitwa polisi jamii, na lilipata nguvu tangu mwaka 2006, wakati Said Mwema alipokuwa mkuu wa polisi. Kwetu Kongo lilijaribiwa kwanza katika miji ya Bukavu, Matadi na Kananga. Mwaka 2013 serikali ilitoa dekreti ya kuunda mabaraza ya mahali kwa usalama wa jirani, ambayo kwa Kifaransa yanaitwa CLSP. Ndani yake wanakaa pamoja wakuu wa serikali ya mahali, polisi, na wajumbe wa wananchi. Wanasema shida za usalama ni zipi, wanapanga la kufanya, na wanarudi kuangalia kama limefanyika.

Tuelewane hapa vizuri, maana kuna hatari. Polisi wa jirani maana yake siyo kuwapa vijana wa kijiji bunduki au panga ili “wajilinde”. Tumeona njia hiyo inafika wapi. Tangu mwaka 2017 wengi kati yenu mnaonisikiliza mlikimbia mapigano ya upande wa Salamabila na ya upande wa Fizi. Kundi linaanza kwa kusema linalinda kijiji, mwisho linakula mbuzi wa kijiji na kuweka bariera yake. Katiba, sehemu ya 190, inakataza kabisa mtu kuunda kundi lake la silaha au kuweka vijana wenye silaha, na inaliita kosa hilo usaliti mkubwa wa taifa. Kazi ya raia ni macho, masikio na neno la ukweli. Silaha ni kazi ya serikali, chini ya sheria.

Maneno kwa kila mmoja

Ndugu mliohama vita, kukimbia hakukuondolei haki. Nawaomba mshike mambo manne.

1. Ukikamatwa, sehemu ya 18 ya Katiba inasema lazima uambiwe mara moja sababu yake, kwa lugha unayoifahamu, na una haki ya kuijulisha familia yako.
2. Huwezi kuwekwa katika kasho ya polisi kupita saa 48. Baada ya hapo uachiliwe, au upelekwe mbele ya mkuu wa sheria.
3. Kosa ni la mtu mmoja mmoja, kama inavyosema sehemu ya 17. Mama hawezi kufungwa kwa sababu mtoto wake ameingia msituni. Mtu hawezi kukamatwa kwa sababu tu anatoka kijiji fulani au anasema lugha fulani.
4. Ukiambiwa kulipa amande, omba risiti. Pesa ya serikali ina karatasi. Ukinyimwa karatasi, usipigane: shika siku, saa na mahali, umweleze mjumbe wako.

Ninyi wenyeji mliowapokea, najua mzigo ni mzito, na muhogo umepungua shambani. Lakini usiende kwa polisi kumsingizia mgeni kwamba ni mtu wa msituni, kwa sababu ya ugomvi wa maji au wa shamba. Uongo wa namna hiyo umeua watu.

Wazee wetu machefu, kwa heshima yote nasema hivi. Polisi siyo fimbo ya chefu. Usimtume kumtia adabu mtu aliyekupinga katika barza, wala kumfunga mtu kwa sababu ya deni. Deni linasemwa mbele ya wazee au mahakamani. Na katika baraza la usalama, mweke mjumbe wa waliohama, na awepo mama mmoja au zaidi. Mama ndiye anayejua njia ya maji ambayo wasichana wanaogopa kupita. Baba anaweza kukaa mwaka mzima asijue.

Na ninyi polisi wetu, najua mnanisikia pia. Najua wengine mnalala pabaya, mshahara unachelewa, na watoto wenu wako kama watoto wa hawa waliohama. Shida hiyo ni ya kweli, na wakuu waisikie. Lakini mkumbuke farasi wa Wembley. Farasi wa polisi anafundishwa kwa muda mrefu asiogope kelele, moshi, ngoma wala bendera inayopepea, kwa sababu farasi anayeogopa anakanyaga watu. Askari mwenye bunduki naye ni hivyo. Anza na salamu. Shuka kwenye pikipiki unapozungumza na mzee. Na ukipewa amri ambayo wazi wazi inavunja sheria, sehemu ya 28 inakuruhusu kukataa.

Ya kuzungumza nyumbani

Kabla sijawaaga, nawaachia maswali matatu. Myazungumze leo jioni, msiogope kubishana.

- Katika kijiji au mtaa wetu, ni mahali gani watu wanaogopa kupita, na saa ngapi?
- Tunamjua polisi wetu kwa jina? Naye anamjua nani kati yetu?
- Nani anasema kwa niaba ya waliohama, wakati wakuu wanapozungumza habari za usalama?

Mkipata majibu, mpelekeeni chefu, naye ayafikishe kwa komanda wa polisi. Msipeleke matusi. Pelekeni mahali, siku na saa. Komanda hawezi kutuma doria kwenda penye matusi, lakini anaweza kuituma kwenye kivuko fulani, jioni ya siku ya soko.

Sasa narudi kwa yule mtoto na kalenda yake. Aliuliza kwa nini wale watu hawakimbii. Nilimjibu hivi: hawakimbii kwa sababu jana polisi yule alipita akawasalimia, na juzi pia, na hakuna aliyeibiwa wala kupigwa. Mtoto akafikiri, akasema: “Basi hata bila farasi inawezekana.”

Ndiyo, ndugu zangu. Hata bila farasi inawezekana. Kasongo inawezekana, Kabambare inawezekana, lakini haitaanza yenyewe. Kesho asubuhi bendera itapanda tena, na sisi sote tutasimama. Mchana wake, kwenye bariera, kila mmoja wetu aonyeshe kama alisimama kwa kweli.

 Mbaki na amani, na wale mlio mbali na nyumba zenu, Mungu awarudishe salama.